Gari Lenye Jina la Dereva Wake

Fedha za kwanza zilitoka kwenye karatasi za kupamba kuta. Katikati ya miaka ya 1970, Jean Rondeau, mzaliwa wa mji wa Le Mans nchini Ufaransa, alimfuata Charles James, mkuu wa kampuni ya Inaltera, akamwomba agharimie kuundwa kwa magari mapya ya mashindano. Inaltera haikuwa na kiwanda cha magari wala fundi hata mmoja wa injini. Bidhaa yake ilikuwa ya kubandikwa sebuleni na vyumbani. James alikubali, na Juni 1976 magari mawili yenye jina la kampuni ya karatasi yakapangwa pamoja na Porsche na Renault kwenye mstari wa kuanzia mbio maarufu kuliko zote za masafa marefu duniani.

Miaka minne baadaye Rondeau alishinda mbio hizo akiwa ameshika usukani wa gari lililoitwa Rondeau. Tangu Saa 24 za Le Mans zianze mwaka 1923, hakuna dereva mwingine aliyewahi kushinda kwa gari lenye jina lake mwenyewe.

Kwa msomaji asiyezifuatilia, mbio zenyewe ni rahisi kueleza. Magari huanza Jumamosi alasiri na kusimama Jumapili saa ileile. Gari lililokwenda masafa marefu zaidi ndilo mshindi. Njia ina urefu wa kilomita 13.6 hivi, na sehemu yake kubwa ni barabara za kawaida ambazo siku nyingine hupitiwa na malori na wakazi wa mkoa wa Sarthe. Sehemu iliyotisha kuliko zote enzi hizo ilikuwa Hunaudières, barabara iliyonyooka kwa karibu kilomita sita, ambapo magari yalipita mwendo wa zaidi ya kilomita 300 kwa saa, mchana na usiku, kwenye jua na kwenye mvua. Mwaka 1990 waandaaji, chama cha Automobile Club de l'Ouest, waliikata kwa kona za kupunguza mwendo. Madereva wa gari moja hupokezana. Siku hizi huwa watatu. Zama za Rondeau, wawili walikuwa jambo la kawaida.

Siku nzima ya mwendo huo huvunja vyuma. Breki huisha, giaboksi hugoma, mabomba ya mafuta hupasuka, waya hukatika kwa mtikisiko. Katika mbio za saa moja na nusu, mwenye injini kali na dereva hodari kwa kawaida hushinda. Katika mbio za saa 24, gari lililo nyuma kwa sekunde tano kila mzunguko linaweza kuongoza alfajiri, kwa sababu yale ya kasi yamekwama kwa mafundi yakiwa yamefunguliwa injini. Hapo ndipo timu ndogo ilipopata mlango. Haikuweza kununua kasi ya Porsche, ila iliweza kuamua kutovunjika, na uamuzi huo hufanyika kwenye meza ya kuchorea na kwenye gereji, miezi mingi kabla ya Juni.

Rondeau alilifahamu hilo kwa macho yake. Alizaliwa Le Mans mwaka 1946, akakulia palepale magari yanapovuma, na kuanzia 1972 akashiriki mbio hizo kama dereva wa magari ya wengine. Aliona jinsi wenye fedha nyingi wanavyoondoka Jumapili asubuhi, gari likiwa limepakiwa kwenye lori na kazi ya mwaka mzima imeishia kwenye kipande kimoja cha chuma. Inaltera ilipompa nafasi, alitaka gari lenye paa, bodi inayokata upepo vizuri, na mitambo ambayo tayari watu wanaijua.

Injini aliyochagua inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ndiyo iliyoinua timu hii na ndiyo baadaye iliyoiangusha. Cosworth DFV ni injini ya lita tatu yenye silinda nane, iliyobuniwa na Mwingereza Keith Duckworth kwa fedha za Ford. Ilishinda mbio zake za kwanza za Formula One huko Zandvoort, Uholanzi, mwaka 1967, ikiwa kwenye gari la Jim Clark, na kwa jumla ikashinda mbio 155 za Formula One. Uzuri wake kwa mtu kama Rondeau ulikuwa kwamba iliuzwa. Yeyote mwenye pesa aliweza kuagiza, na mafundi wa kuifungua na kuifunga walikuwa wengi. Timu ndogo ilipata hapo injini ya kiwango cha mabingwa bila kujenga kiwanda.

Kasoro yake ilikuwa mtikisiko. Jinsi krankishafti yake ilivyoundwa, ilitetemesha kila kilichofungwa karibu nayo. Mbio za Formula One hazikuzidi saa mbili, kwa hiyo madhara hayakuwa na muda wa kujitokeza. Kwenye saa 24, boliti zilijilegeza, mabomba yalichanika, vifaa vya umeme vilikufa. Timu ya Mirage iliyoshinda Le Mans mwaka 1975 kwa injini hiyohiyo ilifanikiwa kwa kuipunguza nguvu na kuiendesha kwa subira. Rondeau alifuata njia hiyo.

Matokeo ya awali yaliwashangaza waliodhani ni mchezo wa matangazo. Mwaka 1976 magari yote mawili ya Inaltera yalifika mwisho, na lile la Henri Pescarolo na Jean-Pierre Beltoise likawa la nane na la kwanza katika daraja la GTP, daraja jipya lililoanzishwa mwaka huohuo. Mwaka 1977 yalikwenda matatu, yakamaliza yote matatu. Rondeau mwenyewe, akiwa na Jean Ragnotti, alishika nafasi ya nne. Nafasi ya kumi na moja ilikwenda kwa wanawake wawili, Mbelgiji Christine Beckers na Mwitaliano Lella Lombardi, ambaye hadi leo ndiye mwanamke pekee aliyewahi kupata pointi katika ubingwa wa dunia wa Formula One. Kwa timu ya miaka miwili, kufikisha mwishoni kila gari iliyoliingiza Le Mans ni rekodi ambayo viwanda vikubwa vingejivunia.

Kisha Inaltera ikajitoa. Mwishoni mwa 1977 udhamini ulikoma na magari yakaondoka pamoja na jina. Rondeau akabaki na ujuzi wake, marafiki, na miezi michache kabla ya mbio za 1978.

Wengi wangerudi kuendesha magari ya watu. Yeye alianzisha kampuni yake Champagné, nje kidogo ya Le Mans, akajenga gari moja tu na kuliita M378. Herufi M iliwekwa kwa heshima ya Marjorie Brosse, rafiki aliyemsaidia kupata fedha wakati milango mingine imefungwa. Gari hilo moja, lililokamilishwa kwa haraka kubwa, lilimaliza la tisa na kushinda daraja lake. Mwaka huo Renault ilishinda mbio nzima baada ya miaka ya kumwaga fedha, ikafunga virago na kuhamishia nguvu zake Formula One. Kampuni kubwa ilikuja, ikachukua ilichokitaka, ikaondoka. Rondeau hakuwa na pa kwenda, na huenda hilo lilikuwa sehemu ya nguvu yake. Le Mans palikuwa kwao.

Mwaka 1979 alileta M379, tatu kwa pamoja. Moja lilimaliza la tano, likiendeshwa na Bernard Darniche na Ragnotti, na jingine la kumi. Kufikia hapo wafuatiliaji walianza kuona mwelekeo: la tisa, la tano. Lakini hakuna aliyemtaja miongoni mwa watu wa kushinda mbio nzima.

Mbio za Juni 1980 zinahitaji kuelezwa taratibu.

Porsche haikuleta rasmi gari lake kubwa mwaka huo. Kiwanda kilijishughulisha na magari ya 924, madogo zaidi. Hata hivyo Reinhold Joest, Mjerumani mwenye timu binafsi, alikuja na gari lililoitwa 908/80, ambalo kwa sehemu kubwa lilikuwa ile Porsche 936 iliyoshinda Le Mans 1976 na 1977. Mwenzake kwenye usukani alikuwa Mbelgiji Jacky Ickx. Ickx alikuwa ameshinda mara nne, sawa na mzalendo mwenzake Olivier Gendebien, na alitaka ya tano ili abaki peke yake kwenye vitabu. Kwa hiyo pambano la mwaka huo lilikuwa kati ya timu mbili binafsi, na katika kila moja mwenye mali ndiye aliyekuwa dereva. Mmoja alikuwa na gari lililotoka kwenye kiwanda chenye historia ndefu. Mwingine alikuwa na gari lililotoka Champagné.

Rondeau alipanga magari matatu. Namba 15 lilipewa Pescarolo na Ragnotti, wawili wenye kasi. Namba 17 likapewa Gordon Spice wa Uingereza na ndugu wawili wa Ubelgiji, Philippe na Jean-Michel Martin. Namba 16 lilikuwa la Rondeau mwenyewe na Jean-Pierre Jaussaud, mtu wa Caen, aliyekuwa na umri wa miaka 43 na aliyeshinda na Renault miaka miwili kabla. Kumchukua Jaussaud kulikuwa uamuzi wa busara kuliko ulivyoonekana. Alishajua jinsi siku ile inavyokwenda, wakati gani wa kukaza na wakati gani wa kuliachia gari lipumue.

Mvua ilinyesha tangu mwanzo. Jioni, mkanda wa pampu ya mafuta wa gari la Ickx ulikatika na kumpotezea dakika nyingi. Namba 15 la Pescarolo liliharibika injini na kutoka. Usiku Ickx alirudi juu, akafukuza mzunguko baada ya mzunguko kwa namna ambayo ilimpa heshima aliyonayo, na hadi Jumapili asubuhi alikuwa akiongoza. Namba 16 lilikuwa nyuma yake, halina haraka, halina kelele ya matatizo.

Asubuhi ile Porsche ikapoteza gia ya tano. Kwenye Hunaudières gari lisilo na gia ya juu halina maisha, kwa hiyo likaingizwa kwa mafundi, giaboksi ikafunguliwa, na dakika zikapita zaidi ya ishirini. Rondeau akawa mbele. Zilikuwa zimebaki saa kadhaa.

Saa hizo zilikuwa ngumu kuliko usiku mzima, maana mvua ilirudi, ikinyesha upande mmoja wa njia na kukauka upande mwingine. Rondeau aliteleza kwenye maji karibu na kona ya Dunlop, gari likazunguka, likakosa chupuchupu kujibamiza, akaliwasha na kuendelea. Zamu ya mwisho ilikuwa ya Jaussaud. Manyunyu yalipoanza tena karibu na mwisho, Ickx aliingia kubadilisha matairi na kufungiwa yenye mifereji ya kukata maji. Jaussaud alibaki nje na matairi ya kipara, yale yasiyo na kashata kabisa, yanayoshika lami kavu vizuri kuliko mengine yote na yanayoteleza vibaya mno kwenye maji. Kuingia kwa mafundi kungegharimu muda, na kusimama nyakati hizo kuna hatari zake: injini inaweza kukataa kuwaka. Aliona bora anyate. Akanyata mpaka mwisho.

Namba 16 lilikamilisha mizunguko 338, jumla ya kilomita 4,608, karibu sawa na kwenda Mwanza kutoka Dar es Salaam na kurudi, mara mbili, ndani ya siku moja. Porsche ya Ickx na Joest ilikuwa nyuma kwa mizunguko miwili. Namba 17 lilikuja la tatu na kushinda daraja la GTP. Karakana moja ya Champagné ilikuwa na magari mawili katika nafasi tatu za juu, na mwenyeji wa Le Mans alishinda mbio za Le Mans kwa gari alilolijenga jirani na Le Mans.

Ni rahisi kusema alibahatika kwa sababu Porsche ziliharibika na mvua ikanyesha. Hesabu za miaka mitano zinapinga hilo. Timu iliyofikisha mwishoni magari yake yote mwaka 1976, 1977 na 1978 ilikuwa inangoja siku ambayo wengine watakwama. Bahati ilipofika, gari lilikuwa bado linatembea. Ickx, kwa upande wake, aliipata ya tano mwaka uliofuata na ya sita mwaka 1982.

Ushindi ulimletea Rondeau wadhamini na matumaini, na mwaka 1981 akaleta magari matano. Ni mengi kwa timu ya kiasi chake. Jumamosi hiyo, mapema katika mbio, gari la Jean-Louis Lafosse liliacha njia kwenye Hunaudières na kugonga vyuma vya kando. Lafosse alikufa. Alikuwa mzoefu wa mbio hizo, aliyemaliza wa pili mwaka 1975 na tena 1976, na mmoja wa wale ambao kushinda kwao kulionekana kuwa suala la muda tu. Mbio zilisonga mbele, kama desturi yake ilivyo, na magari mawili ya Rondeau yakamaliza la pili na la tatu nyuma ya Porsche ya Ickx na Derek Bell. Katika kumbukumbu za matokeo ule ni mwaka mzuri. Kwa watu waliofanya kazi Champagné haungeweza kuitwa hivyo.

Mwaka 1982 sheria zilibadilika. Kundi jipya, Group C, liliweka kikomo cha mafuta: kila gari lilipewa kiasi maalumu, na mwenye kutumia ovyo angekauka njiani. Rondeau alijenga M382 na kutafuta kitu kikubwa zaidi ya Le Mans, yaani ubingwa wa dunia wa watengenezaji. Alianza kwa kishindo. Aprili, huko Monza, Italia, Pescarolo na Giorgio Francia walishinda mbio za kilomita 1,000 kwa gari la Rondeau, na kwa wiki kadhaa karakana ile ndogo ilikuwa juu ya Porsche kwenye msimamo.

Porsche ikajibu kwa gari jipya, 956, moja kati ya magari bora ya mashindano yaliyowahi kuundwa. Le Mans ya mwaka huo, 956 tatu zenye namba 1, 2 na 3 zilimaliza kwa mpangilio huohuo, la kwanza, la pili na la tatu. Magari ya timu ya Rondeau hayakufika. Injini ya Cosworth ilikuwa imepanuliwa hadi karibu lita nne na kuitwa DFL, na ule mtikisiko wa zamani ukapanuka nayo. Vifaa vilivyovumilia lita tatu havikuvumilia nne.

Hata hivyo ubingwa ulibaki wazi hadi mwisho wa msimu, na namna ulivyopotea inauma kuliko kushindwa barabarani. Porsche haikuwa imepeleka 956 kwenye kila duru. Huko Nürburgring gari la Porsche 911 la timu binafsi, lisilo na uhusiano na 956 wala mafundi wake, lilikuwa limemaliza na kupata pointi. Pointi hizo ziliruhusiwa kuhesabiwa kwa jina la Porsche, na zikachangia kuiweka Porsche juu. Kampuni yenye wateja dunia nzima ilikuwa na watu wa kuichumia pointi hata siku ambayo yenyewe haikuwepo. Rondeau hakuwa na utajiri wa namna hiyo. Kwa mizani ya haki ya michezo, msimu wa 1982 ulimtendea vibaya mtu aliyehudhuria na kupambana.

Ubingwa ule ungemfungulia milango ya kuuza magari kwa timu nyingine na kushawishi wadhamini wapya. Badala yake 1983 alikuja na M482, gari lililobuniwa kunyonywa na barabara kwa nguvu ya upepo unaopita chini yake, likiungwa mkono na Ford ya Ufaransa. Yalianza matatu Le Mans, yakatoka yote matatu. Baada ya hapo fedha zilikatika na kampuni ikafilisika. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu ile Jumapili ya mvua.

Rondeau hakuacha kuendesha. Mwaka 1984 alirudi Le Mans akiwa dereva wa kuajiriwa, katika Porsche 956 ya Mmarekani Preston Henn, pamoja na John Paul Jr., wakamaliza wa pili. Waliowashinda walikuwa Klaus Ludwig na Henri Pescarolo, yuleyule aliyekuwa dereva wake tangu siku za Inaltera, katika 956 ya Reinhold Joest, yuleyule aliyeshindwa na Rondeau mwaka 1980. Tarehe 27 Desemba 1985, huko Champagné, gari la Rondeau liligongwa na treni kwenye makutano ya barabara na reli. Alikufa akiwa na umri wa miaka 39.

Majina hayo mawili, Joest na Pescarolo, yanaonyesha njia mbili ambazo timu binafsi zimezifuata tangu wakati huo.

Joest hakuhangaika kujenga gari lake toka mwanzo. Alinunua Porsche na kuzijua kuliko waliozitengeneza. Gari lake la 956 lenye namba ya chesisi 117 lilishinda Le Mans 1984, na mwaka 1985 likashinda tena, safari hii mbele ya magari ya kiwanda cha Porsche chenyewe. Mwaka 1996 na 1997 alirudia kitendo hicho kwa gari jingine moja, WSC-95, lililounganisha bodi iliyotoka kwa Waingereza wa TWR na injini ya Porsche. Kushinda mara mbili mfululizo kwa chesisi ileile, na kufanya hivyo mara mbili maishani, ni ufundi ambao hauna mfano katika mbio hizi. Audi ilipotaka kushinda Le Mans miaka ya 2000, mafundi wa Joest ndio iliowaita.

Pescarolo alichagua njia iliyofanana zaidi na ya Rondeau. Alikuwa ameshinda mara nne na kuanza mbio za Le Mans mara 33, idadi ambayo hakuna dereva mwingine aliyeifikia. Mwaka 2000 alifungua timu yake mwenyewe, Pescarolo Sport, hapohapo Le Mans, akianza na chesisi za Courage, ambazo nazo zilijengwa mjini humo, kisha akazibadilisha hatua kwa hatua hadi zikabeba jina lake. Mwaka 2005 gari lake namba 16, namba ileile ya ushindi wa 1980, lilianza la kwanza na kumaliza la pili nyuma ya Audi. Mwaka 2006 likaja namba 17, likiendeshwa na Éric Hélary, Franck Montagny na Sébastien Loeb, bingwa wa dunia wa rali, likamaliza la pili nyuma ya Audi mpya ya dizeli. Mwaka 2007 alikuwa wa tatu, akitanguliwa na Audi na Peugeot, zote za dizeli.

Ndani ya matokeo hayo kuna jambo la kutazamwa kwa makini. Injini za dizeli ziligharimu fedha ambazo timu binafsi haiwezi hata kuziota, na sheria za wakati huo ziliziachia nafasi kubwa. Pescarolo alikuwa wa kwanza miongoni mwa wanaotumia petroli, mwaka baada ya mwaka, bila njia ya kupanda zaidi. Wadhamini hawalipii nafasi ya kwanza miongoni mwa walioshindwa. Mwaka 2010 timu ilifilisika na mali zake zikapigwa mnada. Wafanyabiashara wawili, Jacques Nicolet na Joël Rivière, walizinunua na kumrudishia mwenyewe aendelee. Aliendelea hadi 2013, kisha akafunga.

Waliojaribu kujenga wenyewe hawakuisha. Mmarekani Jim Glickenhaus, aliyekuwa mwongozaji wa filamu, aliunda gari la SCG 007 kwa ajili ya daraja la juu la sasa, akipambana na Toyota. Mwaka 2021 aliiendea timu ya Joest imsaidie kuendesha magari yake. Mwaka 2022 gari lake moja lilimaliza la tatu kwa jumla. Mwaka 2023 viwanda vilirejea kwa wingi, vikiwemo Ferrari, Porsche, Peugeot na Cadillac. Glickenhaus alimaliza wa sita na wa saba, na baada ya hapo hakurudi kwenye ubingwa wa dunia.

Juni 2025 timu binafsi ilishinda tena Le Mans. Robert Kubica wa Poland, Yifei Ye wa China na Phil Hanson wa Uingereza waliendesha gari la njano namba 83 la AF Corse, wakayashinda magari ya viwanda. Robert Kubica alikuwa ameumia vibaya mkono katika ajali ya rali mwaka 2011 na wengi walidhani hatashindana tena, kwa hiyo ulikuwa ushindi wa kufurahiwa kwa moyo wote. Lakini gari lenyewe lilikuwa Ferrari 499P, ndugu kamili wa yale mawili ya rangi nyekundu ambayo kiwanda kiliyaingiza katika mbio hizohizo. Timu binafsi za leo hununua au hukodi gari, hulipia spea na wahandisi wa kiwanda, na huahidiwa na sheria kwamba uwezo wa magari utasawazishwa. Mpangilio huo umezipa uhai. Mtu anayetaka kuchora gari lake mwenyewe, kulijenga katika mji wake na kuliendesha kwa mikono yake dhidi ya viwanda hivyo, kwa sasa hayupo kwenye orodha ya washiriki wa daraja la juu.